Usihamishe mbuzi usiku

SHAURI LA JAMAA



Mwezi huu tuzungumze juu ya mbuzi. Pengine utasema: "Ee, na shida zote tuliyo nazo, wanatuletea mbuzi!" Ngoja kidogo. Mbuzi anaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi. Anaweza kufanya wakristo wawili wa kanisa moja wasipeane tena mkono. Anaweza hata kutosha mtoto ku masomo. Soma mpaka mwisho, utaona.

Wewe unayekaa ku kambi au ku cité, lupango yako ni ndogo. Zizi utaweka wapi? Na mbuzi akikula mboga za mama wa pembeni, siku hiyo hamtalala. Basi unafanya sawa vile wengi wanafanya: unanunua mbuzi, unamwachia ndugu au rafiki anayekaa kijijini, yeye anakulindia. Wewe uko na makuta kidogo, yeye iko na majani na watoto wa kuchunga. Mbuzi wakizaa, mnagawanya kufuatana na mapatano yenu.

Hiyo ni banki ya watu wadogo, na ni banki nzuri. Jamaa za fasi za madini zinajua kwamba kazi ya kampuni inaweza kwisha. Mwaka 2003, Gécamines ilipopunguza watu, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi wakiwa na pesa ya mwisho mkononi. Aliyekula yote alibaki akishika kichwa. Aliyetia sehemu katika shamba na katika nyama za kufuga alikuwa na kitu cha kushika. Kwa hiyo, tusidharau mbuzi.

Lakini inafika siku ambapo unataka kutosha mbuzi wako kwa mlezi huyu na kuwapeleka kwa mlezi mwingine. Hapo ndipo mambo yanaharibika.

Barua ya baba mmoja

Baba mmoja wa Likasi alituandikia. Ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, ila majina hatutataja.

Alikuwa na rafiki pale Mwadingusha, mvuvi wa pembeni ya ziwa la Tshangalele. Alimwachia mbuzi watano: majike wanne na dume mmoja. Wakapatana hivi: katika kila watoto watatu wanaozaliwa, mmoja ni wa mlezi. Hawakuandika kitu. Walishikana mikono tu, maana walikuwa marafiki.

Miaka mitatu ikapita. Mbuzi wakawa 14. Hesabu yenyewe si ngumu: watoto tisa walizaliwa, watatu ni wa mlezi. Mlezi hakuwatosha katika kundi. Aliwaacha wakue pamoja na wengine, akimwambia binti yake: "Hawa batatu njo minerval yako."

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mke wa yule baba alikwenda Mwadingusha kununua samaki. Akaona mbuzi. Akarudi na neno moja: "Bambuzi yetu banakonda, mifupa inaonekana." Baba akakasirika. Hakuuliza kitu. Alikuwa na shemeji mwingine mwenye shamba upande wa Kambove, akaamua mbuzi waende kule. Akatuma vijana wake wawili na kamyo ya makala. Walifika usiku, mlezi akiwa ku ziwa na nyavu zake. Wakafungua zizi, wakakamata mbuzi wote 14, wakafunga miguu, wakawatupa juu ya magunia ya makala. Mke wa mlezi alitoka na taa akipiga kelele: "Mwizi! Mwizi! Banabeba bambuzi!" Halafu akawatambua wale vijana. Aliwapikiaka bukari mara nyingi. Akanyamaza.

Asubuhi, kamyo ilipofika, mbuzi wawili walikuwa wamekufa. Jike mmoja mwenye mimba alitupa mtoto siku ile ile. Wengine wakaingizwa moja kwa moja katika kundi la shemeji. Kabla ya wiki mbili kwisha, kikohozi na kuhara vikaingia katika zizi lote. Shemeji akapoteza wane wa kwake.

Mwezi wa kumi, binti ya mlezi hakurudi ku masomo.

Yule baba anamaliza barua yake hivi: "Nilitafuta kuokoa mbuzi. Sasa nimepoteza mbuzi, rafiki na shemeji. Nifanye nini?"

Kosa lilianza wapi?

Msomaji, usiseme upesi: "Kosa ni usiku." Usiku ulikuja mwisho. Kosa lilianza mwezi wa tisa, mama alipoona mbuzi wamekonda.

Wewe unajua nchi yetu. Mvua inakatika mwezi wa nne au wa tano. Kufika mwezi wa nane na wa tisa, majani yamekauka, na moto wa pori umepita. Mbuzi wa Katanga gani ananona mwezi wa tisa? Aliyetaka kujua kama mlezi ni mvivu, angeangalia pia mbuzi wa jirani. Kama wa jirani wamenona na wa kwako wamekonda, hapo kuna neno. Kama wote wamekonda, ni majira. Ngoja mvua ya mwezi wa kumi na moja, uangalie tena.

Na kuna alama nyingine za kweli. Inua kope la jicho la mbuzi: kama ndani ni nyeupe badala ya nyekundu, damu imepungua, na mara nyingi ni minyoo. Angalia kwato: karibu na ziwa udongo ni maji wakati wa mvua, na kwato zinaoza. Angalia zizi: je, mbuzi wanalala katika mavi yao yenye maji, ao pakavu? Uliza wangapi walizaliwa, wangapi walikufa. Hayo ndiyo maulizo ya mtu mwenye kutafuta ukweli. Mtu mwenye hasira hana maulizo.

Yakobo naye alitoroka

Jambo hili si geni. Fungua Biblia yako, kitabu cha Mwanzo, sura ya 31. Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya wake zake, na sita kwa ajili ya mifugo. Labani hakuwa mtu wa haki. Alibadilisha mshahara wa Yakobo mara nyingi. Yakobo alikuwa na sababu ya kuhama. Hata Mungu alimwambia ahame.

Lakini alihamaje? Alingoja Labani aende kukata manyoya ya kondoo, akakusanya wake, watoto na kundi lote, akaenda bila kuaga. Siku ya tatu Labani akasikia. Akamfuata siku saba mpaka mlima wa Gileadi. Na angalia uchungu wake ulikuwa nini: hakupewa nafasi ya kuwabusu binti zake na wajukuu wake, na ya kuwasindikiza kwa furaha. Mtu anayetoroka, hata kama haki ni yake, anafanana na mwizi. Na kweli, katika mizigo ile Raheli alikuwa ameiba sanamu za baba yake, na Yakobo hakujua! Ndiyo hatari ya kuhama kwa siri. Hujui ni nini wenzako wanabeba ndani ya kamyo. Wale vijana wa Likasi hawakujua kwamba kati ya wale 14 walikuwa wanabeba minerval ya binti.

Mwisho Yakobo na Labani walifanya jambo ambalo wangefanya tangu mwanzo. Walikaa pamoja, wakasema yote waziwazi, wakakusanya mawe kuwa ushuhuda, wakala chakula pamoja. Asubuhi Labani akabusu wajukuu wake na kurudi kwake. Mawe, maneno, chakula. Si kitu kigumu.

Mbele ya kuhamisha: maneno na hesabu

Basi wewe ukitaka kuhamisha mbuzi, ngombe, ao nguruwe wako, fanya hivi.

Kwanza, nenda mwenyewe. Usitume mtoto, usitume neno kwa njia ya mwenye kamyo. Nenda mchana, na kitu kidogo mkononi, sukari ao sabuni, sawa vile unakwenda kusalimu mtu. Mwambie: "Muzee, umenilindia mbuzi miaka hii yote, nakushukuru. Sasa nafikiri kuwapeleka fasi nyingine, na sababu yangu ni hii." Sema sababu ya kweli. Kama ni mbali na wewe, sema ni mbali. Kama hukupenda namna anavyofanya, sema kwa upole, umwache ajibu. Pengine utasikia jambo ambalo hukujua, na mbuzi watabaki pale pale.

Pili, mpe muda. Mwezi mmoja ni vizuri. Mlezi naye alipanga maisha yake kufuatana na mbuzi wako: mavi yao yanakwenda ku shamba lake la mahindi, na watoto wake wana kazi ya kuchunga.

Tatu, fanyeni hesabu mbele ya shahidi: mzee wa kanisa, ao mkubwa wa kijiji, ao mtu mnayemheshimu wote wawili. Waliokuja ni wangapi, waliozaliwa wangapi, waliokufa wangapi, sehemu ya mlezi ni ipi. Sehemu ya mlezi itoke kwanza, na achague mbele ya macho yako. Usimwachie wale vilema. Kama alinunua dawa na chumvi kwa makuta yake, umrudishie. Andikeni katika daftari, kila mtu aweke jina lake.

Na kama mlezi ni mbaya kweli? Kama anauza mbuzi wako na kusema chui alikula? Hata hapo, nenda mchana na shahidi. Haki yako itaonekana vizuri zaidi ku mwangaza. Na wewe unayeanza leo kumwachia mtu mbuzi, pataneni sasa: mbuzi akikufa, mlezi anakuita ao anakuwekea ngozi. Neno hilo likisemwa siku ya kwanza ni mapatano. Likisemwa siku ya mwisho ni matusi.

Fasi mpya uione kwa macho yako

Usikimbie shida moja na kuingia katika nyingine. Tembelea fasi mpya mara mbili, mara moja bila kusema unakuja. Je, kuna paa la kuzuia mvua? Zizi liko juu kidogo, pakavu? Mbuzi wa pale wana macho mazuri? Nani anawachunga wakati watoto wako ku masomo?

Sisi wa fasi za madini tunaongeza ulizo moja: maji yanatoka wapi? Baraji ya Mwadingusha ilipofunga mto Lufira, ziwa la Tshangalele likazaliwa, na mtambo ukaanza kutoa umeme mwaka 1930. Maji yanayojaza ziwa lile yanapita pia upande wa Likasi, ambako mto Panda unaingia katika Lufira pamoja na uchafu wa viwanda vya miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima bonde lile la Lufira, wakakuta kobalti na shaba nyingi kupita kipimo katika chakula na katika watu wenyewe. Hatusemi hivyo ili uogope kila mto. Lakini ukichagua kati ya zizi lililo karibu na kijito cha rangi ya kutu kinachotoka ku kiwanda, na zizi lililo karibu na chemchemi ya mlimani, wewe mwenyewe unajua la kuchagua. Maji ambayo huwezi kumpa mtoto wako, usimpe mbuzi wako.

Njiani: mwendo wa walio wadogo

Turudie Yakobo. Alipokutana na Esau, ndugu yake alitaka waende pamoja upesi. Yakobo akakataa kwa heshima: watoto walikuwa wadogo, na kulikuwa na nyama wenye kunyonyesha, wangekimbizwa siku moja tu, kundi lote lingekufa. Ni katika sura ya 33. Mfugaji yule alijua kazi yake.

Mbuzi jike anabeba mimba miezi mitano. Aliye karibu kuzaa asisafiri. Umwache kwa mlezi wa zamani mpaka azae na mtoto apate nguvu. Unaona faida ya kuachana vizuri? Yule baba wa Likasi hakuweza kumwacha hata mmoja nyuma.

Safari ifanyike asubuhi mapema, ao jioni kabla ya giza, si katika jua kali. Wape maji mbele ya kuondoka. Ndani ya kamyo tandika majani makavu, watoto upande wao, wenye pembe upande wao. Wasimame kwa miguu yao. Mbuzi aliyefungwa miguu na kulazwa upande mmoja muda mrefu hawezi kutosha hewa ya tumboni. Tumbo linavimba, linabana mapafu, anakufa. Ndivyo walivyokufa wale wawili juu ya makala. Na wewe unayefunga mbuzi ku kinga kichwa chini, ujue unamtesa kiumbe cha Mungu na kuharibu makuta yako mara moja.

Kuna habari ya zamani inayofaa hapa. Mwaka 1866, Daktari Livingstone alishuka ku pwani ya Tanzania ya leo, akaingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Alileta ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa na mtoto wao, baghala wawili na punda wanne. Alitaka kujua kama nyama hao wanaweza kuvumilia nzi wa tsetse. Aliwaweka mikononi mwa askari aliotoa India. Askari wale waliwapiga, wakawabebesha mizigo kupita nguvu, wakawatia vidonda. Nyama wakafa mmoja mmoja. Na Livingstone hakuweza kujua ni nini kilichowaua, tsetse ao mikono ya watu. Safari yake kubwa haikumpa jibu. Sababu ni moja: mwenye nyama alikuwa mbele, na nyama walikuwa nyuma na watu wasiowapenda.

Kwa hiyo panda kamyo pamoja na mbuzi wako. Na mbele ya kuondoka, pita kwa munganga wa nyama akupe karatasi ya afya. Ku barrière karatasi hiyo itasema kwa ajili yako.

Kufika: wiki tatu za kungoja

Huku kwetu farasi ni wachache sana, maana tsetse na magonjwa mengine yanamwua upesi. Lakini Lubumbashi wako watu wenye farasi, na Nairobi vilevile. Wengi hawana fasi nyumbani, wanalipa mwenye zizi kila mwezi. Nao wanahama kutoka zizi moja kwenda lingine, sawa vile sisi na mbuzi. Wenye farasi wazuri wanashika sheria tatu, na hizo zinafaa kwa mbuzi pia.

Ya kwanza: mgeni asichanganywe na wenyeji. Anakaa peke yake wiki mbili ao tatu, na chombo chake cha maji, mbali kidogo na wengine. Mbuzi anaweza kuonekana mzima leo, na ugonjwa unajificha ndani yake. Kuna ugonjwa unaoitwa sotoka ya mbuzi, wengine wanasema pesti ya mbuzi: makamasi, macho yenye uchafu, vidonda mdomoni, kikohozi, kuhara, kisha kifo. Unapita kutoka mbuzi hadi mbuzi kwa pumzi. Sotoka ya ngombe ilikwisha duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba haiko tena. Ya mbuzi bado iko, lakini chanjo yake iko pia, na sindano moja inakinga miaka mingi. Uliza munganga. Hatujui kama ndiyo iliyoua mbuzi wa shemeji, lakini tunajua kwamba wiki tatu za kungoja zingeokoa undugu wao.

Ya pili: usibadilishe chakula mara moja. Farasi aliyebadilishiwa chakula siku moja anashikwa na tumbo, na anaweza kufa. Mbuzi naye, ukimpa mahindi mengi siku ya kwanza kwa furaha ya kumpokea, tumbo lake litachachuka. Anza na majani aliyozoea, ongeza kipya kidogo kidogo, siku saba hadi kumi. Majani mabichi ya mihogo michungu yaache kabisa, yana sumu.

Ya tatu: usihamishe mmoja peke yake. Farasi ao mbuzi aliyetengwa na wenzake anapiga kelele, hakuli, anatafuta njia ya kurudi. Hata mgeni anayetengwa kwa ajili ya ugonjwa, mpe mwenzake waliyetoka naye.

Neno kwa vijana

Ninyi vijana, ndio mnaotumwa. Baba anasema: "Muende mukamate mbuzi," nanyi mnakwenda. Kutii wazazi ni vizuri. Lakini kijana mkristo anaweza kusema kwa heshima: "Baba, tungojee asubuhi, tusalimie muzee kwanza." Mmoja wa wale vijana wawili alituambia kwamba kitu kinachomrudilia usingizini si mbuzi waliokufa. Ni ule mama mwenye taa, aliyemtambua akanyamaza.

Yule baba alifanya nini?

Tulimjibu: rudi Mwadingusha, mchana, na mzee wa kanisa. Peleka majike watatu wazuri. Ndio haki ya mlezi, si zawadi. Halafu, juu ya haki, ongeza kitu kwa ajili ya binti. Kwa shemeji ufanye vilevile, kadiri ya uwezo wako.

Alikwenda kabla ya Pasaka. Alitukuta kisha, akatueleza. Mlezi aliwapokea, akawapa kiti na maji. Aliangalia wale mbuzi watatu muda mrefu. Akasema:

"Mbuzi ni mbuzi, banazaaka tena. Lakini weye ulituma batoto kwangu usiku, sawa bezi. Kama ulikuwa na neno, juu ya nini haukuniambia? Miye minakujua tangu zamani."

Yule baba hakuwa na jibu. Alipiga magoti tu. Walisali pamoja, wakala samaki. Mwezi wa kenda mwaka huu binti anarudi ku masomo, ingawa amepoteza mwaka mzima, na mwaka huo hakuna mbuzi anayeweza kuurudisha. Je, urafiki umepona? Yule baba anasema: "Ananisalimia. Lakini bado haniiti kwa jina letu la zamani." Tuombe kwa ajili yao.

Mpenzi msomaji, pengine leo uko na mbuzi kwa mtu, ao wewe ndiye mlezi wa mbuzi za mtu. Usingoje hasira ndiyo ikufundishe hesabu. Jumapili hii, kisha ibada, mwite rafiki yako, kaeni chini ya mti, mwandike katika daftari: ngapi zangu, ngapi zako. Itachukua nusu saa.

Mungu awabariki, na tuonane mwezi ujao.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Je, jamaa yetu iko na kitu cha mtu mikononi, ao mtu iko na kitu chetu? Mapatano yetu ni yapi, na nani anayajua?

2. Yakobo alikuwa na haki ya kuhama. Kwa nini kutoroka kwake kulileta uchungu?

3. Mama alipoona mbuzi wamekonda, angeweza kuuliza maulizo gani mbele ya kurudi nyumbani?

4. Vijana: mzazi akikutuma kufanya jambo ambalo moyo wako unalikataa, utamwambiaje kwa heshima?